Mbachao na Msala Upitao

Mwezi Februari 2020 klabu ya besiboli ya Boston Red Sox ilimtoa mchezaji wake bora, Mookie Betts, ikampeleka Los Angeles Dodgers. Pamoja naye ilimtoa mrushaji mkongwe David Price, ikakubali na kulipa nusu ya dola milioni 96 zilizokuwa zimebaki katika mkataba wa Price. Kwa upande wake, Boston ilipokea vijana watatu: Alex Verdugo, Connor Wong na Jeter Downs. Betts alikuwa na umri wa miaka 27. Haikuwa imetimia miaka miwili tangu atangazwe mchezaji bora wa ligi yake, katika msimu wa 2018 ambao Boston ilishinda michezo 108 kati ya 162, kisha ikatwaa ubingwa wa World Series kwa kuwafunga Dodgers hao hao.

Kila klabu yenye nyota ambaye mkataba wake unaelekea ukingoni hujikuta mbele ya swali lile lile. Umpe mkataba mpya wenye fedha nyingi, au umbadilishe kwa wengine kabla hajaondoka kwa miguu yake? Watu wengi hulijibu kwa kalamu na karatasi. Wanapiga hesabu ya umri, mshahara, kodi, na vipaji watakavyopata. Hesabu hizo nazijua na sizidharau. Lakini nimekaa na kisa hiki cha Boston kwa muda mrefu, na kadiri ninavyokichungulia ndivyo ninavyoona kwamba chini ya hesabu kuna swali la zamani zaidi: nani anamdai nani?

Nianze na upande wa klabu, kwa sababu mara nyingi hausikilizwi. Katika besiboli ya Marekani mchezaji hapati uhuru wa kuchagua mwajiri mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Betts alikuwa amebakiza msimu mmoja tu. Iliripotiwa kwamba klabu ilikuwa imewahi kumpa ofa ya dola milioni 300 kwa miaka 10, naye akaikataa. Alisema wazi kwamba anataka kufika sokoni ajue thamani yake. Boston ilikuwa imevuka kiwango cha matumizi kinachoruhusiwa bila kodi miaka miwili mfululizo, 2018 na 2019. Kodi hiyo, ambayo wengi huiita kodi ya anasa, hupanda kadiri unavyorudia: asilimia 20 mwaka wa kwanza, 30 wa pili, 50 wa tatu. Mali bila daftari huisha bila habari, na waliokuwa na daftari waliona kwamba wakimwacha Betts acheze msimu wake wa mwisho, huenda wakampoteza wasipate chochote cha maana.

Tena walikuwa na mifano ya kuwaogopesha. Mwishoni mwa 2011 St. Louis Cardinals walimwacha Albert Pujols aende zake. Alikuwa amewapa ubingwa mara mbili, 2006 na 2011, na mji mzima ulimpenda. Los Angeles Angels walimpa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 240. St. Louis bila yeye walirudi kwenye World Series mwaka 2013. Angels pamoja naye waliingia hatua ya mtoano mara moja tu, 2014, wakatolewa bila kushinda mchezo hata mmoja, na Mei 2021 wakamwachilia kabla mkataba haujaisha. Mwili wa mchezaji hauna huruma na mikataba. Anayemlipa mtu wa miaka 32 kwa yale aliyoyafanya akiwa na miaka 25 ananunua kumbukumbu, na kumbukumbu haipigi mpira.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kumtoa nyota ni dhambi kwa asili yake. Mwaka 2022 Washington Nationals walimpa Juan Soto ofa ya dola milioni 440 kwa miaka 15. Alipoikataa, walimpeleka San Diego mwezi Agosti, wakapokea vijana ambao watatu kati yao, CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, baadaye waliitwa katika kikosi cha nyota wa ligi. Soto naye alifika sokoni mwishoni mwa 2024, akapata dola milioni 765 kutoka kwa New York Mets. Ofa ilitajwa, jibu likatolewa, njia zikaachana. Ni vigumu kumpata aliyeonewa hapo.

Sasa tazama yaliyotokea baada ya Boston kumtoa Betts. Julai 2020, kabla hajacheza hata mchezo mmoja rasmi akiwa na Dodgers, walimpa mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 365. Msimu huo huo wakawa mabingwa. Wakarudia 2024, wakarudia tena 2025. Boston ilimaliza 2020 ikiwa mkiani mwa kundi lake, ikainuka 2021, kisha ikashika mkia tena 2022 na 2023. Downs aliachwa mwishoni mwa 2022. Verdugo alipelekwa mwaka uliofuata, tena kwa New York Yankees, mahasimu wakubwa kuliko wote. Wanaopenda historia walikumbusha kwamba takriban miaka 100 kabla, mwishoni mwa Desemba 1919, klabu hiyo hiyo ilikubali kumuuza Babe Ruth kwa Yankees hao hao, na kwamba baada ya ubingwa wa 1918 haikupata mwingine mpaka 2004.

Msemo unaonijia haraka ni ule wa wahenga, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini matokeo hayawezi kuwa hakimu wa jambo hili. Tuseme Downs angekuwa nyota mkubwa, na Betts angevunjika mguu mwezi wa kwanza huko Los Angeles. Je, tendo la Februari 2020 lingegeuka kuwa la haki? Lingeitwa la busara, watu wangewapongeza waliolibuni. Lakini kama kuna deni lililovunjwa siku ile, lilivunjwa siku ile, na bahati ya baadaye haiwezi kulilipa. Hata methali yenyewe inateleza ukiishika kwa nguvu. Betts alikuwa amebakiza msimu mmoja. Kati yake na wale vijana ambao klabu ingewamiliki kwa miaka mingi, nani alikuwa mbacha na nani alikuwa msala upitao?

Basi turudi kwenye deni. Hoja iliyo nzito kuliko zote za wanaotetea kumtoa ni hii: klabu ingempoteza bure. Neno hilo, bure, ndilo ninalotaka kulikagua. Betts aliteuliwa na Boston mwaka 2011 akiwa kijana wa sekondari kutoka Tennessee. Hakuichagua Boston. Alianza ligi kuu Juni 2014. Mwaka 2017, akiwa tayari miongoni mwa wachezaji bora wa ligi, alilipwa dola 950,000. Mwaka wa ubingwa, 2018, alilipwa dola milioni 10.5, na hizo alizipata baada ya kuishinda klabu yake mwenyewe mbele ya wasuluhishi. Mwaka huo huo Price, aliyekuwa amefika sokoni akiwa mchezaji huru, alilipwa dola milioni 30. Wote wawili walivaa jezi moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa amepita lango la miaka sita na mwingine alikuwa bado anangoja nje.

Najua milioni 10.5 ni fedha ambazo ukoo mzima wa kwetu hauwezi kuziona katika vizazi vitatu, na simwombi msomaji amlilie Betts. Ninachosema ni kwamba klabu ilipata kazi ya thamani kubwa kwa bei ndogo, kwa sababu kanuni zilimzuia mfanyakazi kwenda kwingine. Kanuni hizo zilikubaliwa na chama cha wachezaji, kwa hiyo klabu haikuiba. Lakini makubaliano hayo yana pande mbili. Klabu inapewa miaka sita ya bei nafuu, na mchezaji anapewa uhuru mwishoni. Mtu aliyekula nusu yake ya kwanza ya makubaliano akashiba, kisha akalalamika kwamba nusu ya pili inamfanya apoteze bure, anasahau kwamba alishalipwa, tena alilipwa mapema. Kombe la 2018 lilikuwa sehemu ya malipo hayo.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu ridhaa. Kampuni inayoimiliki Red Sox, Fenway Sports Group, ndiyo iliyoinunua Liverpool mwaka 2010. Kwa hiyo maelfu ya watu wa kwetu ambao hawajawahi kuona gongo la besiboli wanaishi na maamuzi ya ofisi hiyo kila wikiendi. Januari 2018 nilikuwa kwenye kibanda umiza, Dar es Salaam, wakati Liverpool ilipomuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona kwa bei iliyokaribia pauni milioni 142. Kelele zilikuwa nyingi wiki ile. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akikaa mbele siku zote, shabiki wa Liverpool wa kufa na kuzikana, alizikata kwa swali moja: "Mwenyewe si ndiye aliyeomba kuondoka?" Hakuna aliyemjibu. Coutinho alikuwa ameomba tangu Agosti iliyotangulia, akakataliwa. Alipouzwa, aliuzwa akitaka. Liverpool walikuwa wamekwisha mchukua Virgil van Dijk, wakamwongeza Alisson majira ya joto, wakawa mabingwa wa Ulaya 2019 na wa Uingereza 2020.

Ukisoma visa hivi viwili haraka utasema ni biashara moja iliyofanywa na wamiliki walewale, mara moja ikafaulu na mara moja ikaharibika. Mimi naona ni matendo mawili tofauti. Katika mpira wa miguu tunasema mchezaji ameuzwa, lakini hata klabu mbili zikikubaliana bei, yeye bado anaweza kukataa kusaini. Katika besiboli hakuna hatua hiyo. Betts hakuomba kuondoka. Alikuwa amesema tu kwamba hatasaini mapema, jambo ambalo lilikuwa haki yake. Alipewa taarifa kwamba kazi yake sasa iko ng'ambo ya pili ya bara, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka pale alipokuwa, naye akafunga mizigo.

Watetezi wa utaratibu huu husema kinachobadilishwa ni mkataba, si mtu. Kwa Kiswahili utetezi huo una ugumu wake. Mkataba tunausema "unauzwa". Mchezaji ni wa ngeli ya watu, na tukisema "anauzwa", kitenzi kinabeba historia ambayo pwani yetu inaijua vizuri. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Mkunazini limesimama pale lilipokuwa. Silinganishi mateso. Mwenye dola milioni 27 za msimu mmoja na mtoto aliyefungwa minyororo pale Mkunazini hawawezi kuwekwa kwenye mizani moja, na anayewaweka anamdhulumu yule mtoto. Nasema tu kwamba masikio yetu yana sababu ya kushtuka pale mtu anapokuwa kiambatisho cha karatasi, akaenda kokote karatasi inakokwenda.

Wala si sisi tu tuliowahi kushtuka. Oktoba 1969 Cardinals walimtoa Curt Flood kwenda Philadelphia. Alikuwa amewachezea misimu 12 na kutwaa nao ubingwa mara mbili, 1964 na 1967. Siku moja kabla ya Krismasi alimwandikia kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akieleza kwamba baada ya miaka yote hiyo hakujiona kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa matakwa yake. Alikataa kwenda Philadelphia, ambako angelipwa vizuri kuliko wengi wa zama zake. Akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwaka 1972, kwa kura tano dhidi ya tatu. Msimu wa 1970 hakucheza kabisa, na 1971 alicheza michezo 13 tu kwa Washington, akaacha. Mwaka 1973 wachezaji walipata kanuni mpya: aliyetimiza miaka 10 katika ligi kuu, mitano ya mwisho katika klabu moja, anaweza kukataa kuhamishwa. Flood alikuwa ametimiza masharti hayo tangu zamani, lakini kanuni ilikuja baada yake. Na mwishoni mwa 1975 uamuzi wa msuluhishi ukafungua mlango wa mchezaji huru.

Huwa namkumbuka Flood ninaposikia kwamba haya yote ni fedha tu. Kwake fedha zilikuwa upande wa kunyamaza. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba mtu asifanywe chombo tu cha kumfikisha mwingine anakotaka, bali daima awe pia lengo lenyewe. Neno muhimu hapo ni "tu". Klabu inamtumia mchezaji, na mchezaji anaitumia klabu, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya unaingia pale mmoja anapohesabiwa bila kuulizwa. Sisi tungesema amekosewa utu, na tungeelewana bila Kant.

Je, basi jibu ni kumpa kila nyota mkataba mrefu? Boston yenyewe ilijaribu. Januari 2023, vidonda vya Betts vikiwa bado vibichi, ilimfunga Rafael Devers kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 313.5, ulioanza na msimu wa 2024. Huyu ndiye angekuwa wao mpaka uzeeni. Mwaka 2025 klabu ilimleta Alex Bregman, ikamwondoa Devers kwenye nafasi aliyoizoea, kisha ikamtaka ahamie nafasi nyingine tena. Yeye akagoma. Juni mwaka huo huo alipelekwa San Francisco, msimu wa pili wa mkataba wa miaka kumi ukiwa haujafika nusu. Ahadi ni deni, tunasema, lakini mkataba wa besiboli unaahidi fedha tu. Hauahidi mahali. Kumpa mtu saini ni rahisi kuliko kumpa neno lako.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu Betts ni huu. Klabu yenye uwezo wa Boston ilipaswa kumpa ofa inayokaribia ile ambayo soko lingempa. Kama angeikataa, ilipaswa kumwacha acheze msimu wake wa mwisho nyumbani, kisha kumwaga kwa heshima. Ingempoteza bila fidia kubwa. Sawa. Hiyo ndiyo ingekuwa bei halali ya ile miaka sita. Klabu maskini inaweza kuniambia kwamba heshima kama hiyo hawaiwezi, na nitaisikiliza, kwa sababu dhiki hubadili wajibu. Lakini dhiki ya mwenye Fenway Park na Liverpool ni dhiki ya kujitakia, kiasi kilichowekwa kwenye daftari kwa hiari ya mwenye daftari.

Na kama ningeulizwa kanuni, ningeishusha ile ya 1973. Miaka kumi ni mingi mno. Wengi miili yao inaisha kabla. Anayekaribia kumaliza miaka sita ya kutokuwa na chaguo, yote katika klabu moja, apewe neno la mwisho kabla ya kuhamishwa. Najua itakayofuata. Klabu zitawahi kuwatoa nyota wao mapema, mwaka wa nne au wa tano, kabla haki hiyo haijawafikia. Pingamizi hilo lina nguvu, na sina dawa yake kamili. Ninaweza kusema tu kwamba klabu itakayofanya hivyo italazimika kuwaeleza mashabiki wake kwa nini inamkimbiza kijana aliye bado moto, na maelezo hayo ni magumu zaidi kuliko kusema angeondoka bure.

Mashabiki nao wanadai kitu, ingawa hawana hisa. Hawawezi kudai kwamba nyota asiondoke kamwe. Pujols aliondoka St. Louis kwa hiari yake. Aliporudi 2022 walimpokea, akiwa mzee, akafikisha mipira 700 iliyotoka nje ya uwanja akiwa na jezi yao. Wanachoweza kudai ni kusikia ukweli: kwamba tumeamua kutolipa, si kwamba hatukuweza.

Mkataba wa Betts na Dodgers unaisha 2032, mwezi ambao atatimiza miaka 40. Mwaka 2025 gongo lake lilififia kuliko msimu wowote aliokuwa nao huko, wastani wake ukashuka hadi .258, na bado aliweza kujifunza nafasi ngumu ya ulinzi wa ndani akiwa na miaka 32 na kuwa bingwa tena. Huenda miaka ya mwisho Los Angeles itamlipa kwa kazi ambayo hawezi tena kuifanya. Watakaokuwa na daftari wataiita hasara. Mimi nitaiona kama salio la miaka aliyochezea bei ndogo mahali pengine, linalolipwa na mtu ambaye hakulikopa.